Foleni Imehamia Kwenye Simu

Kijana wa steshenari iliyo jirani na stendi ya Nyegezi hakuniuliza naomba kazi gani. Aliuliza kama ni ya serikali au ya kampuni, maana bei ni mbili. Ya serikali ni shilingi 4,000: barua, CV, kuskani vyeti na kukupakilia kila kitu kwenye mfumo mpaka uone ombi limepokelewa. Ya kampuni ni 3,000, kwa kuwa kampuni nyingi zinataka barua pepe tu. Nikamwambia ya kampuni. (Msinicheke. Ndiyo, nasoma shahada ya uzamili na barua ya kazi naweza kuandika mwenyewe, ila laptopu yangu ilikuwa kwa fundi na mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi jioni.) Akafungua ChatGPT, akagusa hapa na pale, barua ikatokea kwenye kompyuta. Juu ya ukurasa bado kulikuwa na jina la mtu aliyenitangulia. Nikaisoma barua yake kabla haijawa yangu. Alikuwa mtu mwenye ari, anayejituma, anayeweza kufanya kazi na watu wa aina zote bila kusimamiwa. Kijana akafuta jina lile, akaandika langu. Kingine hakubadilisha, na kusema kweli hakukuwa na cha kubadilisha.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikaa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini nikimsikiliza mtoa mada aliyekuja kutufundisha kutafuta kazi kidijitali. Alitufundisha vitu vya maana: jinsi ya kupanga wasifu wako LinkedIn, jinsi ya kuweka taarifa zikufikie mara tangazo linapotoka, kwa nini barua pepe yako isibebe jina la utani ulilojipa ukiwa kidato cha pili. Niliandika yote. Kisha akamalizia kwa kusema kwamba zama za kulalamika zimepita, kazi zote sasa ziko kiganjani, na anayekosa ajira leo ajiulize yeye mwenyewe ana tatizo gani. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, na ndiyo maana naandika.

Nabisha. Vyombo hivi vimerahisisha kuomba kazi. Havijarahisisha kupata kazi, na mambo haya mawili yanachanganywa na watu ambao kuyachanganya kunawalipa. Foleni iliyokuwa mlangoni kwa mwajiri imehamia kwenye simu zetu, kila mtu ameshika kipande chake, hamwoni aliye mbele yake wala aliye nyuma. Mwajiri amepumua. Sisi tumeachiwa kazi ya kujilaumu.

Kumbukeni Juni 2014. Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, wakafika kwenye usaili watu zaidi ya 10,000, ikabidi wasailiwe Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mimi nilikuwa sekondari. Picha zile zilizunguka kwenye magazeti na kwenye simu za wakubwa: vijana wamevaa vizuri, wamekaa kwenye viti vya mashabiki, karatasi mapajani. Watu walisema ni aibu, na ilikuwa aibu. Lakini kila aliyekalia kiti kile alikuwa na kitu ambacho mimi sina. Aligeuza shingo, akawaona wenzake. Alirudi nyumbani akasema, "Mama, tulijaza uwanja," na mama akaelewa bila maelezo mengine.

Sasa njoo 2025. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027. Gawanya mwenyewe: karibu watu 85 kwa kiti kimoja. Ukiwapeleka wote kwenye uwanja ule ule, wenye viti 60,000, utaujaza mara mbili na nje watabaki watu wa kujaza uwanja mwingine mdogo. Ila siku za kuomba hakuna aliyeujaza uwanja wowote. Waliomba wakiwa vitandani, kwenye steshenari, ndani ya daladala za Buhongwa, kila mmoja na bando lake, kila mmoja akidhani amewahi. Jambo moja nalipongeza hapa, na sisemi kwa kejeli: TRA walitaja hesabu. Wangenyamaza, hao 133,431 waliozidi nafasi wangebaki kila mmoja na siri yake.

Kwa walimu hesabu ilitisha zaidi kwa ukubwa. Nafasi 14,648, waombaji zaidi ya 200,000. Kaka yangu mkubwa ni mwalimu wa Kemia, alihitimu 2018. Asubuhi anafundisha tuisheni Igoma, jioni anapeleka watu kwa bodaboda ya rafiki yake. Miaka yote hii ameamini kwamba CV yake ina kasoro. Amebadilisha mwandiko wa herufi. Amebadilisha picha, akaazima koti la mjomba apigie nyingine. Amehamisha sehemu ya wadhamini ikae juu, kisha akairudisha chini. Amenunua "kozi ya CV" ya shilingi 15,000 kutoka kwa mtu wa Telegram, ikaja PDF ya kurasa sita. Usiku niliomsomea tarakimu ile alikaa kimya, kisha akauliza, "Laki mbili?"

"Laki mbili na zaidi."

"Kumbe."

Siku hiyo alilala mapema. Mtu akiniuliza kwa nini nakasirika juu ya jambo la mtandao, jibu langu ni hiyo "kumbe" ya kaka yangu. Tarakimu moja ilimfanyia kilichoshindikana kwa PDF ya kurasa sita.

Mwaka huo huo walimu wasio na ajira, waliohitimu kuanzia 2015, walijiunga wakajiita NETO. Unaweza kukubaliana nao juu ya usaili au usikubaliane. Mimi mwenyewe sijamaliza kuamua. Ila tazama walichofanya. Walishika simu zile zile zinazotutenga, wakahesabiana. Foleni ilijiona.

Najua mtakachosema, kwa hiyo niseme mimi kwanza. Silililii zama za zamani. Baba yangu aliandika barua za kazi kwa mkono, nakala saba, akazipeleka posta ya Nansio, akasubiri. Jibu moja lilifika baada ya miezi minane na nafasi ilikuwa imeshajazwa. Wakati ule kazi ilitangazwa kwenye gazeti lililofika Ukerewe limechelewa, na mwenye mjomba ofisini alilijua tangazo kabla ya gazeti. Kimemo kilikuwa ndiyo wasifu. Leo ukiwa na namba ya NIDA na mtandao unafungua akaunti ya Ajira Portal bila kumlipa mtu, unaona tangazo lile lile analoliona mtoto wa mkubwa wa Masaki, dakika ile ile. Hilo ni jambo kubwa na sitaki lirudi nyuma hata hatua moja. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kwa kuwa mlango umepakwa rangi, basi chumba kimeongezwa.

Kwetu Ukerewe, usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni utaona mji umeota ziwani. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Mjomba wangu anasema mvuvi wa kwanza kuongeza taa alirudi amejaza, na wenzake wakamwonea wivu kama miezi miwili hivi. Halafu wote wakaongeza. Sasa ziwa linapendeza kulitazama na mtumbwi unarudi na kile kile, isipokuwa betri na sola zina madeni. Ndivyo ilivyo barua ya ChatGPT. Aliyeanza kuitumia ilimtoa. Sasa mimi na yule mtu aliyenitangulia steshenari tuna ari sawasawa, kwa maneno sawasawa, na anayezisoma ana sababu ya kutoisoma hata moja. Kwa hiyo anaweka mashine nyingine izisome kwa niaba yake. Mashine inaandika, mashine inasoma, na katikati yao kuna watu wawili wanaolipa bando.

Na wanalipa kweli. Ombi lile la Nyegezi lilinigharimu hivi: steshenari 3,000, wakili kugonga mihuri vyeti vinne 8,000 baada ya kubembelezana, bando 1,000, nauli 1,200. Jumla 13,200, kwa kazi ambayo tangazo lake halikusema hata mshahara. Chukua sasa waombaji 135,027 na useme kila mmoja alitumia 5,000 tu, kwa huruma. Ni zaidi ya shilingi milioni 675 zilizotoka mifukoni mwa watu wasio na kazi. Siwalaumu waliotangaza, nawatumia kwa sababu hesabu yao inajulikana. Nasema tu kwamba gharama ya kuchambua watu haikufutwa na teknolojia. Ilihamishwa kutoka ofisini kuja kwetu, nasi tukaambiwa tushukuru kwa urahisi.

Kuna mambo mengine yanachekesha. Barua ya maombi serikalini bado huandikiwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Unaichapa, unaisaini kwa kalamu, unaiskani, unaipakia. Barua haitafika kwenye sanduku hilo hata siku moja. Huwa nalifikiria lile sanduku, limefungwa kwa kufuli huko Dodoma, limeandikiwa na nchi nzima na halijaona bahasha.

Lakini kwa binamu yangu wa Ukara hii kalamu-kisha-skana haichekeshi. Karibu na kwao hakuna pa kuskani. Anavuka na kivuko hadi Bugolora, anapanda gari hadi Nansio, anatafuta wakili, anatafuta skana, anatafuta mtandao, na kivuko cha kurudi hakimsubiri. Kazi iko kiganjani, sawa. Kiganja cha nani?

Sasa nifike kwenye kinachonichoma zaidi, matangazo mfu. Mwaka jana niliona tangazo la kampuni moja ya hapa Mwanza, nafasi moja, inafanana na nilichosomea kama imeshonwa na fundi wangu. Nikaomba. Wiki tatu baadaye tangazo lile lile likatokea kwenye blogu nyingine ya ajira, tarehe mpya. Nikadhani hawajapata mtu, nikaomba tena, nikaboresha barua. Mwezi uliofuata likatokea la tatu kwenye kundi la WhatsApp, mtu ameongeza alama za moto na neno HARAKA. Nikaomba mara ya tatu. Kisha nikafanya ushamba: nikapanda daladala, nikaenda getini.

"Wanaomba mtandaoni tu, dada," mlinzi akaniambia kwa upole.

"Nimeshaomba, kaka. Nilitaka kujua kama bado wanatafuta."

Akafikiri kidogo. "Ile ya masoko? Mbona yule kijana alishaanza tangu Machi."

Ilikuwa Juni. Kampuni haikuliondoa tangazo kwa sababu kuliacha hakuigharimu kitu. Blogu haikuliondoa kwa sababu inaishi kwa sisi kulibofya; kila tulipofungua kutafuta kazi, matangazo ya sabuni na ya kubeti yalilipwa kwa macho yetu. Admini wa kundi hakuliondoa kwa sababu kundi lisilo na tangazo jipya linahamwa. Katika mnyororo wote ule kila mmoja alikuwa na faida yake ndogo kwenye matumaini yangu, na mwenye taarifa ya kweli alikuwa mlinzi wa getini. Ndani ya makundi hayo hayo ndimo wanamojificha wale wanaokuomba "hela ya fomu" au "hela ya vipimo." Mama mdogo alimlipia binti yake 35,000 kwa namba iliyozimwa jioni ile ile. Wezi hawa hawakubuni kitu. Wamejifunza kwa waajiri halali kwamba mtafuta kazi amezoea kutoa kwanza na kusubiri kimya.

Kimya ndilo neno lenyewe. Alfajiri moja nilimsindikiza rafiki yangu Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la samaki, alikuwa anatafuta kibarua cha kufungasha dagaa wanaosafirishwa. Nilimuonea aibu, niseme ukweli, ana diploma. Tukamkuta mama mmoja amekaa juu ya gunia anahesabu fedha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnatafuta kazi?"

"Ndiyo mama."

"Leo nimejaza. Njoo Alhamisi, gari linapakia. Uje na kanga ya kujifunga kichwani, vumbi lake si mchezo." Na kabla hatujageuka akaongeza, "Usipite kwa yule wa kofia, hatalipa."

Dakika moja. Rafiki yangu alikataliwa, akapewa sababu, akapewa siku, akapewa na onyo. Simsifu Mwaloni: malipo ni madogo, mgongo unauma, mkataba hakuna. Lakini nimetuma maombi zaidi ya sitini tangu nimalize shahada ya kwanza, na hakuna hata moja kati ya ofisi hizo zenye kiyoyozi iliyonikataa vizuri kama mama yule wa kwenye gunia.

Nimewahi kumwambia haya ofisa rasilimali watu mmoja kwenye semina. Alinisikiliza, si mtu mbaya. Akasema, "Mdogo wangu, wanaomba watu 3,000. Tutamjibu nani tumuache nani?" Nikamjibu kwamba mfumo wao uliweza kutushukuru wote 3,000 sekunde ile ile tulipobonyeza kutuma. Mashine inayojua kusema asante inajua pia kusema nafasi imejazwa. Mkono wa kuiamuru ndio haupo.

Kwa hiyo msituletee semina nyingine ya LinkedIn kabla ya haya. Tangazo lililofungwa liseme waliomba wangapi. TRA wameshaonyesha kwamba tarakimu hiyo haimuui mtu. Nafasi ikipata mtu, tangazo liondoke siku hiyo hiyo, na blogu itakayoendelea kulirudia iitwe kwa jina lake, dalali wa uongo. Vyeti vyenye mihuri viombwe kwa watu watano wa mwisho. Kwa wengine namba ya mtihani ya NECTA inatosha kuanzia. Matokeo yenyewe yamewekwa wazi, hayahitaji muhuri wa wakili wa Nansio. Mshahara uandikwe. Na wewe mtoa mada, ukisimama tena mbele ya vijana 200 uwaambie kazi ziko kiganjani, anza kwa kuwauliza ni wangapi wameomba ile ile moja, waambie wanyooshe mikono, na uwape muda wa kugeuza shingo.

Mimi nilijaribu, pale pale Nyegezi. Kijana wa steshenari alikuwa ameshaambatisha barua yangu, kidole kiko juu ya kitufe.

"Kaka, hii ya leo umewatumia wangapi?"

Akashusha orodha ya barua pepe zilizotumwa, akihesabu kwa midomo. "Tangu asubuhi? Wewe wa arobaini na moja." Akaelekeza kwa kidevu upande wa pili wa barabara. "Na pale kuna steshenari nyingine tatu."

Nyuma yangu, kwenye benchi, kulikuwa na kijana ameshika bahasha ya kaki na dada mmoja aliyempakata mtoto. Nikageuka.

"Na nyie ni ile ile ya masoko?"

"Ile ile," akasema yule kijana. Yule dada akatabasamu, akasogea kidogo nipate pa kukaa. Mwisho ulikuwa saa kumi. Ilikuwa saa tisa na robo.